Goti Linalouma na Sindano Isiyo na Dawa

Miezi miwili baada ya kumwandikia vidonge vya maumivu, mama mmoja aliyevuka miaka sitini alirudi kliniki akiwa na habari iliyonifedhehesha. Vidonge alikuwa ameviacha kwa sababu vilimchoma tumbo. Fedha za upatu, alizokuwa amezitenga kwa ajili ya kuezeka chumba cha uani, alizitumia kulipia tiba ya sindano za Kichina mjini, mara kumi. "Sasa usiku naamka mara moja tu, mwanangu," aliniambia, "na juzi nimekaa juu ya mbuzi nikakuna nazi mbili." Kisha akauliza swali lililonifanya niandike makala haya: "Je, goti langu limepona, au nimedanganywa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Siku ile ya kwanza nilikuwa nimetazama picha yake ya eksirei, nikaandika dawa, nikamwita mgonjwa aliyefuata. Goti lenyewe sikuligusa.

Ni vyema niutaje msimamo wangu mapema. Tiba ya sindano haiponyi goti lililochakaa. Wala si haki kumwita laghai kila anayeitoa. Ni msaada wa wastani, tena wa muda, wa kupunguza maumivu. Mgonjwa anayeitaka na kuimudu aruhusiwe, kwa masharti mawili: aelezwe ukweli kabla ya kulipa, na nafuu atakayoipata itumike kulifanyisha goti kazi. Likikosekana sharti la kwanza, mgonjwa anadhulumiwa. Likikosekana la pili, fedha yake inapotea.

Goti huchakaa vipi?

Ugonjwa tunaouzungumzia kitaalamu huitwa ostioathritisi. Wagonjwa wetu husema magoti "yamesagika" au "ute umekwisha." Usemi huo unaeleweka, lakini unapotosha. Ute haujakwisha; mara nyingi goti lenye ugonjwa huu huvimba kwa sababu ute umezidi. Kinachotokea ni kwamba gegedu, yaani tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa, hupungua na kupasukapasuka. Mfupa ulio chini yake hukomaa na kuota vinundu pembeni. Utando wa ndani wa ungio huvimba. Na misuli ya paja, kwa kutotumika, hulegea. Ni ugonjwa wa ungio zima, wala si wa kipande kimoja kilicholika kama mpira wa gari.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 duniani waliishi na ugonjwa huu, na kwamba milioni 365 kati yao waliugua magoti. Asilimia 60 ya wagonjwa wote ni wanawake. Umri, uzito uliopita kiasi, jeraha la zamani na kazi za kuchuchumaa au kubeba mizigo mizito kwa miaka mingi huchangia. Kwetu, mgonjwa hulitambua goti lake mahali ambapo vitabu vya nchi nyingine havitaji: kwenye choo cha kuchuchumaa, kwenye kigoda cha jikoni, shambani wakati wa palizi, au pale anaposhindwa kusujudu na kulazimika kusali akiwa ameketi kitini.

Kuna jambo moja ambalo lazima lieleweke kabla ya kuzungumzia sindano. Gegedu halina mishipa ya fahamu. Maumivu hutoka kwenye mfupa, kwenye utando uliovimba na kwenye tishu zinazozunguka ungio, kisha huongezwa au kupunguzwa na uti wa mgongo na ubongo. Ndiyo maana watu wawili wenye picha za eksirei zinazofanana hutofautiana sana, mmoja akipanda ngazi na mwingine akishindwa kuvuka barabara. Ndiyo maana pia maumivu yanaweza kupungua bila gegedu kuongezeka hata kidogo. Kwa hiyo anayesema "nimepata nafuu" hasemi uongo, na anayesema "goti limejengeka upya" hasemi kweli.

Sindano hufanya nini?

Wagonjwa wengi huchanganya mambo mawili. Sindano tunayoizungumzia haina dawa ndani yake. Ni uzi mwembamba wa chuma unaoingizwa kwenye ngozi na misuli, katika sehemu maalumu zinazozunguka goti na nyingine za mguu au mkono, ukaachwa hapo kwa dakika 20 hadi 30. Wakati mwingine mtabibu huuzungusha kwa vidole, au huunganisha sindano na umeme hafifu. Haihusiani na sindano ya dawa anayochoma daktari ndani ya ungio.

Tiba hii ilitoka China, na mapokeo ya huko huieleza kwa habari ya nguvu ya uhai inayopita katika njia za mwili. Wanasayansi wa leo huieleza kwa mishipa ya fahamu na kemikali za mwili zinazotuliza maumivu. Kwetu Afrika Mashariki si ngeni kabisa: timu za madaktari wa Kichina zimefanya kazi Zanzibar tangu mwaka 1964 na Tanzania Bara tangu mwaka 1968, na leo mijini kuna vituo vya watu binafsi vinavyoitoa. Maelezo ya mapokeo na ya maabara yote yana wafuasi wake. Swali la mgonjwa, hata hivyo, ni moja: inasaidia kiasi gani?

Utafiti umesema nini?

Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa nchini Ujerumani, uliohusisha wagonjwa 1,007 wenye maumivu sugu ya goti. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilipata tiba ya sindano kwa kufuata kanuni za Kichina. La pili lilipata sindano za kuigiza, zilizochomwa juu juu mahali pasipo na maana katika mapokeo hayo. La tatu lilionana na daktari na kupewa dawa za kawaida za maumivu. Baada ya wiki 26, waliofikia kiwango cha nafuu kilichowekwa walikuwa asilimia 53 katika kundi la kwanza, asilimia 51 katika la pili, na asilimia 29 katika la tatu.

Namba hizo zinastahili kusomwa mara mbili. Anayelinganisha kundi la kwanza na la tatu ataona tiba inayokaribia kuongeza maradufu idadi ya wanaopata nafuu. Anayelinganisha la kwanza na la pili ataona kwamba kanuni za mahali pa kuchoma hazikuongeza chochote cha maana. Wote wawili wanasoma jedwali lilelile.

Mwaka 2014 watafiti wa Australia walichapisha utafiti wa watu 282 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Huko sindano haikuishinda tiba ya kuigiza, na nafuu ndogo iliyoonekana katika wiki ya 12, ikilinganishwa na wasiopata tiba yoyote ya ziada, haikudumu hadi mwaka mmoja. Mwaka 2021 yakaja matokeo kutoka China yenyewe, ya wagonjwa 480 waliotibiwa mara 24 katika wiki nane. Waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 60 kwa sindano zenye umeme, asilimia 59 kwa sindano za mkono, na asilimia 47 kwa sindano za kuigiza. Hapa pana tofauti, lakini ukiitazama kwa jicho la mgonjwa, karibu nusu ya waliopata tiba ya kuigiza nao walisema wamepata nafuu. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi, uliotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2010, ulikuwa umefikia hukumu inayofanana: tofauti kati ya sindano halisi na ya kuigiza ipo, lakini ni ndogo kuliko kiwango ambacho watafiti hao walikiona kuwa na maana kwa mgonjwa.

Si ajabu basi kwamba wakubwa wa taaluma wamegawanyika. Mwongozo wa chama cha madaktari wa magonjwa ya maungio cha Marekani, wa mwaka 2019, unaipendekeza tiba ya sindano kwa goti, ingawa kwa sauti ya tahadhari. Mwongozo wa taasisi ya taifa ya ubora wa huduma za afya ya Uingereza, wa mwaka 2022, unawaambia watoa huduma wasiitoe kwa ugonjwa huu. Ujerumani, tangu mwaka 2007, bima ya afya ya umma huilipia kwa maumivu sugu ya goti. Tofauti hizi hazikutokana na upande mmoja kutojua kusoma. Zinatokana na swali ambalo kila upande uliliona kuwa la msingi: je, sindano inaishinda sindano ya kuigiza, au inamshinda mgonjwa aliyeachwa na vidonge vyake?

Tusiwe wakali kwa wengine na wapole kwetu

Wako wenzangu watakaosema: kama sindano ya kuigiza inakaribiana na ya kweli, basi hii ni hadaa, na tuipige marufuku. Naiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa inatokana na kuipenda kweli. Hata hivyo, kipimo tunachokitumia kwa jirani tukitumie na nyumbani. Mwaka 2002 nchini Marekani ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 180 wa magoti. Wengine walifanyiwa upasuaji wa kusafisha goti kwa kutumia kamera, na wengine walichanjwa ngozi tu kama vile wamefanyiwa upasuaji huo. Hakuna wakati wowote ambapo waliopasuliwa kweli walionekana kuwa na maumivu madogo kuliko wenzao. Upasuaji huo ulikuwa ukifanywa na wataalamu wenye vyeti, katika vyumba safi, kwa gharama kubwa. Parasetamoli, ambayo wengi wetu huiandika kwanza, nayo mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 unashauri isitolewe kama jambo la kawaida kwa ugonjwa huu, kwa kuwa faida yake ni ndogo.

Wala vidonge vikali zaidi havitolewi bure na mwili. Diklofenaki na ndugu zake hupunguza maumivu ya goti, hilo ni kweli. Lakini humezwa kwetu kwa miezi na miaka, vikinunuliwa duka la dawa bila ushauri, na watu ambao tayari wana shinikizo la damu, kisukari au figo dhaifu. Vidonda vya tumbo vinavyotoka damu na figo zinazozorota ni gharama tunayoilipa wodini. Katika mizani hiyo, sindano safi iliyochomwa na mtu aliyefunzwa ni salama zaidi: uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2001, ukifuatilia matibabu 34,000 ya sindano, haukukuta tukio hata moja la madhara makubwa.

Wako pia watakaosema kwamba kinachoponya ni muda tu: mgonjwa wa sindano huketi na mtabibu nusu saa, wetu hupewa dakika mbili. Nilitamani iwe hivyo, kwani ingekuwa rahisi kurekebisha. Lakini katika utafiti ule wa Ujerumani kundi la dawa nalo lilionana na daktari mara kumi, sawa na makundi ya sindano. Kilichotofautiana ni zaidi ya kuhudhuria. Yaelekea mkono ulioligusa goti, matumaini ya kupata tiba mpya, na kutulia kwa nusu saa vina nguvu yake juu ya maumivu, na nguvu hiyo si ya kubuni. Tatizo letu ni kwamba tumeiacha yote mikononi mwa wengine. Mtu anayetoa fedha zake za upatu kumlipa aliyemsikiliza hajawa mjinga. Ametuonyesha alichokikosa kwetu.

Mlango wa sindano unafunguka wapi?

Pamoja na hayo, siwezi kushauri sindano iwe tiba ya kwanza. Miongozo niliyoitaja, pamoja na kugongana kwake, inakubaliana kuhusu mambo mawili: mazoezi kwa kila mgonjwa, na kupunguza uzito kwa aliyezidi. Kusema haki, mazoezi nayo hayajapimwa dhidi ya mazoezi ya kuigiza kwa namna sindano ilivyopimwa, kwa kuwa ni vigumu mtu kufanya mazoezi bila kujua. Lakini mazoezi yana faida ambazo sindano haina: huimarisha paja linalolibeba goti, hushusha sukari na shinikizo la damu, na hufanywa uani bila nauli. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa kwa wazee wenye uzito mkubwa na magoti mabovu, kila kilo moja iliyopungua mwilini iliondoa takriban kilo nne za mzigo juu ya goti katika kila hatua. Hakuna sindano inayofanya hesabu hiyo.

Shida ni kwamba mtu anayeumwa hawezi kuanza. Ukimwambia atembee, anakutazama kama unayemtania. Hapa ndipo ninapoiona nafasi halali ya tiba ya sindano: kwa mgonjwa aliyejaribu dawa ya kupaka, aliyeanza mazoezi akashindwa kwa maumivu, asiyeweza kumeza vidonge kwa sababu ya tumbo au figo, na anayeweza kulipa bila kuuza mbuzi wake au kusimamisha ada ya mtoto. Kwake, wiki kadhaa za nafuu ni nafasi ya kuanza kutembea. Akizitumia kulala, zitapita.

Kwa wahudumu wenzangu naomba manne. Tuligusa goti kabla ya kuandika dawa. Tumfundishe mgonjwa zoezi moja hapohapo, alifanye mbele yetu. Tumuulize bila kejeli kama anatumia sindano, dawa za miti au unga asioujua, maana akiona tunacheka ataficha, na tutamwandikia dawa juu ya dawa. Na tusimwambie mtu yeyote kwamba goti lake litakuwa jipya. Wala tusimwambie kwamba hakuna la kufanya.

Kwa mgonjwa anayefikiria sindano, nashauri haya. Hakikisha umeambiwa na mhudumu wa afya kwamba ugonjwa wako ni huu. Goti lililovimba ghafla, likawa jekundu na la moto, au lililoambatana na homa, ni la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Muulize mtabibu wa sindano amefunzwa wapi na anatambuliwa na nani. Hakikisha kila sindano inafunguliwa mbele yako kutoka kwenye pakiti yake, na inatupwa baada ya kutumika. Katika nchi zetu, penye virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B, jambo hili halina mjadala. Mwambie kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kama una kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, kwani sindano za umeme hazikufai. Kubalianeni mapema idadi ya mara na bei. Ikiwa umekwenda mara sita au nane na huoni tofauti katika usingizi, katika kutembea wala katika kuinuka kitini, acha. Na anayekuambia uache dawa zako za shinikizo la damu au kisukari ili sindano "zifanye kazi," mwage.

Wakati huohuo, usiache la nyumbani. Keti kwenye kiti kirefu, nyoosha mguu mmoja mpaka ulingane na paja, hesabu taratibu hadi tano, ushushe. Rudia mara kumi, kisha mguu wa pili. Simama kutoka kitini bila kushika, ukiweza, mara tano. Tembea kidogo kila siku na uongeze kidogo kila wiki. Maumivu yakizidi kidogo kisha yakatulia kufikia kesho yake, si dalili ya kuharibu goti. Yakiendelea, punguza kiasi badala ya kuacha. Ukitumia fimbo, ishike kwa mkono wa upande wa goti zima, si wa goti bovu.

Namrudia yule mama. Siku ile nilimjibu hivi: "Mama, goti halijapona. Maumivu yamepungua, na hilo ni jambo jema. Hukudanganywa, isipokuwa kama kuna aliyekuahidi goti jipya."

Akacheka. "Aliniahidi," akasema. "Alisema litakuwa kama la msichana."

"Basi hapo ulidanganywa, mama."

"Na wewe, mwanangu, uliniahidi nini?"

Nilikiri kwamba sikumwambia lolote. Nikasogeza kiti, nikaliweka goti lake kwenye kiganja changu, nikamwomba anyooshe mguu. Tulihesabu pamoja hadi tano. Mara ya kwanza mguu ulitetemeka, ukashuka kwenye tatu. Sindano hakurudia, kwa kuwa fedha zilikwisha. Zoezi lile anaendelea nalo kila asubuhi baada ya sala, ambayo bado anaisali kitini. Wiki iliyopita alikuja kwa miguu kutoka stendi, akapumzika mara moja njiani. Chumba cha uani hakijaezekwa.